Divai ya Duka na Ulimi wa Mkimbizi

Katika kurasa hizi tumeshachambua filamu zinazoonyeshwa uwanjani, mahubiri ya Jumapili, michezo ya kuigiza ya vijana, hata mabango ya mashirika. Leo ninachambua chupa. Ni chupa ya divai nyekundu ya Ufaransa, mililita 750, ya bei ya chini, ile ambayo supamaketi ya kule inaibandika jina lake yenyewe na kuiuza kama bidhaa ya nyumba. Najua kuna watakaosema: huyu naye amekosa kazi? Msaada umepunguzwa, tangu 2023 tumegawanywa kwa makundi na wengine wameondolewa kabisa kwenye orodha ya chakula, yeye anatuletea habari za divai! Ngojeni kidogo. Mkifika mwisho mkiona haiwahusu, andikeni, jarida litachapisha.

Chupa ilifikaje Nakivale? Dada mmoja Mfaransa, mfanyakazi wa shirika, alikwenda likizo kwao akarudi na chupa mbili kwenye sanduku, zimefungwa ndani ya sweta. Hakutudanganya kwamba ni kitu cha ajabu. Alisema ndiyo ile wanayokunywa nyumbani kwao siku ya kawaida, na kwamba moja ilimgharimu chini ya euro 5. Kwa pesa ya hapa ni kama shilingi 20,000. Tulikaa watu sita kuionja: yeye mwenyewe, mama mmoja wa New Congo anayetengeneza kasiksi tangu akiwa Kivu, papa mmoja aliyekuwa msakristia wa parokia kwa miaka mingi, kaka mmoja Mrundi, mwendesha boda, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, na mimi. Wote ni watu wazima. Mimi nafanya kazi na vijana, kwa hiyo niseme wazi: vijana wa klabu hawakuwepo, na hawakualikwa.

Nianze na jina, maana kwetu jina lilikuja kabla ya kinywaji. Kiswahili kina maneno mawili kwa kitu hiki. Mvinyo tuliupata kwa Wareno, ambao husema vinho. Divai ni Kifaransa kitupu, du vin, tulichosikia kikitamkwa tukakimeza kizima pamoja na kile kijineno cha mbele. Wengi wetu tulilijua neno divai kwenye Biblia, harusi ya Kana, kabla hatujaiona chupa yenyewe. Papa msakristia alisema kwa watu wa rika lake divai haikuwa kitu cha mezani, ilikuwa kitu cha altareni. Padri anakunywa, waumini wanaangalia. Kumbe kule inakotoka, watu wengi wanainunua supamaketi, kwenye kikapu kimoja na sabuni ya kufulia na mkate. Hilo peke yake lilimshangaza papa kuliko ladha.

Halafu tukasoma lebo. Hapa nataka ndugu zangu wa Kongo na Burundi wanielewe vizuri. Tumesoma kwa Kifaransa, tukavuka mpaka, tukakuta nchi ya Kiingereza. Diploma zetu zimelala ndani ya mifuko ya plastiki. Fomu hatuzielewi, matangazo tunatafsiriwa, na mtu aliyefundisha hesabu miaka kumi anaambiwa ajiunge na darasa la Kiingereza la wanaoanza. Siku ile, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, Kifaransa chetu kilifaa kitu. Mwalimu aliishika chupa, akaigeuza, akasoma mbele na nyuma bila kukwama, na wale wa Kiingereza wakamngoja yeye. Hiyo nayo naihesabu kwenye faida za divai hii.

Mbele kuna mchoro wa jumba la mawe na mistari ya mizabibu. Chini ya mchoro kuna jina la mtu, jina la kwanza na la ukoo, limeandikwa kwa mwandiko wa kulala kama vile mwenyewe ametia sahihi. Mtu anafikiri: huyu ndiye mkulima. Dada akacheka, akasema hapana, hakuna mtu kama huyo, ni jina la duka. Sitalitaja duka la chupa yetu. Lakini mchezo huo unajulikana wazi kule Ufaransa. Supamaketi za Auchan, kwa mfano, zina divai inayoitwa Pierre Chanau. Pierre ni jina la kawaida la mwanamume. Chanau je? Chukua herufi za Auchan, zichanganye, utapata Chanau. Mkulima hayupo. Duka limevaa kofia ya mkulima.

Mimi sikuchukia hilo moja kwa moja. Duka halina shamba la mizabibu. Linanunua kwa wafanyabiashara wa divai au kwa ushirika wa wakulima, divai za mashamba mengi zinachanganywa ili ladha isibadilike sana, zinatiwa kwenye chupa, kisha duka linaweka lebo na bei yake. Kwa njia hiyo mtu wa mshahara mdogo anapata divai ya kunywa kwa bei anayoweza. Hakuna ubaya. Ubaya unaanza pale lebo inapotaka nimpende mtu ambaye hayupo, huku wale waliopo, waliokata zabibu kwa mikono au kwa mashine, hawana hata herufi moja. Tulitafuta. Tulichopata ni maandishi madogo kule chini: herufi EMB na namba. Dada akatueleza kwamba hiyo ni kodi ya aliyefungasha, na tarakimu mbili za kwanza zinaonyesha mkoa. Yetu ilianza na 84, yaani Vaucluse, kusini-mashariki ya Ufaransa, karibu na mto Rhône. Kaka wa boda akasema, "Basi huyu naye ni kama sisi, iko na namba tu." Tulicheka, lakini kila mtu alifikiria karatasi yake ya familia iliyo nyumbani.

Kitu kilichotushika zaidi ni mstari mwingine: Appellation d'Origine Contrôlée. Kwa Kiswahili chetu, jina la asili lililodhibitiwa. Chini ya jina la Côtes du Rhône, maneno hayo yanamaanisha kwamba serikali ya Ufaransa inathibitisha divai hii imetoka bonde la Rhône, kwa aina za zabibu zilizoruhusiwa, hasa Grenache, Syrah na Mourvèdre, na kwa kufuata kanuni za shamba na za mavuno. Mtu hawezi kulima kwingine akaandika hivyo. Mfumo huo umetokana na sheria ya mwaka 1935, na Côtes du Rhône ilipata haki ya jina lake mwaka 1937. Ndani ya bonde hilo kuna ngazi. Chini kabisa kuna Côtes du Rhône ya kawaida, kama hii yetu. Juu yake kuna Côtes du Rhône Villages, na juu zaidi kuna vijiji vyenye majina yao wenyewe, kama Gigondas na Châteauneuf-du-Pape, ambako chupa moja inaweza kuzidi yetu bei mara kumi.

Sisi hapa tunaulizwa asili yetu kila dirisha tunalosimama. Umetoka wapi, kijiji gani, chifu wako nani, ulipita njia gani. Tunajibu, wanaandika, baada ya miaka miwili wanauliza tena kuona kama majibu yanalingana. Kwa divai, kuulizwa asili ni heshima, na heshima hiyo inaongeza bei. Nilikaa nikajiuliza kwa nini swali moja linakuwa heshima kwa chupa na mzigo kwa mtu. Jibu nililopata liko kwenye historia ya divai yenyewe, maana hata wao heshima hiyo hawakupewa bure.

Karne ya 19, kuanzia miaka ya 1860, mdudu mdogo anayeitwa filoksera aliingia Ufaransa kutoka Marekani, akala mizizi ya mizabibu, mashamba yakafa nchi nzima. Dawa ilipatikana kule kule alikotoka mdudu: walichukua mashina ya mizabibu ya Marekani, ambayo mizizi yake inamvumilia, wakapandikiza juu yake matawi ya Kifaransa. Mpaka leo sehemu kubwa ya mizabibu ya Ufaransa imesimama juu ya mizizi ya Marekani. Wakati huo huo Wafaransa walikuwa wameitawala Aljeria, wakapanda mizabibu mingi kule, na divai nzito ya Aljeria ikawa inavushwa bahari kwenda kuipa nguvu na rangi divai nyepesi ya Ufaransa. Ilikunywewa kwa jina la nani? Si la Aljeria.

Halafu ikaja njaa ya wakulima. Mwanzoni mwa karne ya 20 bei ilianguka, na wakulima wadogo wa kusini wakawalaumu wanaotengeneza divai bandia kwa maji na sukari. Mwaka 1907 waliingia barabarani kwa malaki, wakiongozwa na Marcelin Albert, mkulima mdogo mwenye mkahawa katika kijiji cha Argeliers. Mjini Narbonne askari waliwapiga risasi, watu wakafa. Baada ya hapo ndipo sheria kali dhidi ya divai ya udanganyifu ikapitishwa, na njia ya kwenda ile sheria ya 1935 ikaanza kufunguka. Kwa hiyo ule mstari mmoja kwenye lebo, ambao leo duka linautumia kuuza, ulitokana na watu wa mashamba waliochoka kuona kazi yao inauzwa na waongo.

Hapo nikaelewa. Asili inakuwa heshima pale wenye asili wanapoisema wenyewe na kuilinda kwa pamoja. Inakuwa mzigo pale wengine wanapoiandika kwa niaba yao. Sisi wa Kivu tuna mfano wetu. Wazee wa Minova na wa Idjwi wanajua jinsi kahawa yetu ilivyokuwa inavushwa ziwa usiku kwa mitumbwi, ikauzwa ng'ambo kama kahawa ya jirani. Watu walizama na magunia yao. Wanywaji wa Ulaya hawakujua kama wanakunywa Kivu. Vyama vya ushirika kama Sopacdi wa Minova vilipoanza kuuza kahawa nje kwa jina la kwao, mlimaji ni yule yule na mlima ni ule ule, lakini jina lilikuwa limerudi nyumbani. Hiyo ndiyo appellation yetu, hata kama hakuna aliyeiita hivyo.

Na uongo wa lebo tunaujua. Msimu mmoja kikundi chetu cha vijana kilinunua mbegu za nyanya, pakiti inang'aa, picha ya nyanya nyekundu kubwa kama ngumi. Tulipanda mistari minane, ikaota miwili. Muuzaji akasema ni mvua. Pakiti haikuwa na mahali pa kumtafuta aliyefungasha, hakuna hata namba ndogo ya chini kama ile ya EMB. Mtajiri akidanganywa na lebo, anapoteza hela ya siku moja. Maskini akidanganywa, anapoteza msimu. Kwa hiyo nikisema nasoma lebo ya divai kwa makini, sifanyi anasa. Nafanya mazoezi.

Sasa tuonje.

Chupa ilikuwa na kifuniko cha kuzungusha, hakuna kizibo cha kuvuta. Papa alisikitika kidogo, alitaka kusikia ule mlio. Glasi zilikuwa tatu, wengine tulitumia vikombe vya plastiki vyeupe, na kwa kweli kikombe cheupe kinaonyesha rangi vizuri: nyekundu ya kuiva, pembeni inaelekea zambarau. Ilikuwa saa nane mchana chini ya mabati. Tulionja ikiwa ya moto hivyo hivyo, na hapo likatokea jambo ambalo kila mfanyakazi wa shirika anayesoma hapa ameshaliona.

Dada aliuliza, "Mnaionaje?" Papa akasema nzuri sana. Mwalimu akasema nzuri sana, tunashukuru. Kaka wa boda akasema nzuri, Mungu akubariki. Mimi nikasema nzuri. Hakuna aliyekuwa amemaliza hata kumeza. Ni jibu lile lile la kwenye mikutano ya maoni. Unga ukoje? Mzuri, tunashukuru. Sabuni? Nzuri, tunashukuru. Mafunzo ya wiki iliyopita yalikuwaje? Mazuri sana, mtuletee mengine. Tumejifunza kwamba aliyepewa halalamiki, kwa sababu orodha iko mkononi mwa anayeuliza.

Mama wa kasiksi hakujibu. Alikunywa kidogo, akazungusha mdomoni, akanyamaza, akanywa tena. Halafu akasema, "Hii haiko mbaya. Lakini muliinywesha jua. Pombe imepanda yote kwa pua, tunda imebaki chini. Na sukari yake imeliwa yote, hakuna hata kidogo, ndiyo maana mwalimu anakunja uso." Mwalimu kweli alikuwa amekunja uso. Mama akaendelea: "Tena iko na ule ukakasi wa ndizi mbichi. Aliyetengeneza anajua kazi. Lakini alikuwa anaogopa."

"Anaogopa nini?" dada akauliza.

"Anaogopa mutu aseme sipendi. Kwa hiyo ameondoa kila kitu mutu anaweza kukataa."

Dada aliweka glasi chini. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa anafurahi, akasema huo ndio uchambuzi bora wa divai ya supamaketi aliowahi kusikia. Kuanzia hapo ndimi zetu zikafunguka. Kaka wa boda akasema inamkumbusha harufu ya ngozi ya kiti cha pikipiki mpya. Papa akasema divai ya misa aliyoizoea ilikuwa tamu zaidi, na hii ni kavu kama homilia ya kwaresima. Mwalimu akasema wazi haipendi, na hakuna aliyemlazimisha aipende.

Tukaipoza. Friji ya karibu ni ya ndugu yetu Msomali mwenye duka, na chupa ya pombe hailali kwenye friji yake, kwa hiyo hatukumwomba. Tulifanya kama tunavyofanya maji: mchanga uliolowa ndani ya ndoo, kivulini, kitambaa cha maji juu ya chupa, saa moja na nusu. Ilikuwa divai nyingine kabisa. Moto wa pombe ulishuka, tunda likapanda. Nilipata zambarau zilizoiva sana, zile zinazopaka meno rangi, na nyuma yake pilipili manga kidogo. Mama akasema yeye anapata matunda damu, hasa ngozi yake. Ukakasi ulibaki lakini ukawa laini, umekaa kwenye fizi, haukwaruzi koo. Ladha ikakatika mapema. Ukimeza, ukihesabu mpaka tano, imeshaondoka. Divai nzuri zaidi, dada anasema, hukaa. Hii haikai. Inapita kama mgeni mwenye adabu.

Chakula kiliisaidia. Tulikuwa na muchomo wa mbuzi, maharage, na sombe iliyopikwa na mawese. Kwa mbuzi ilikaa vizuri sana, maana ule ukakasi unasafisha mafuta mdomoni, unarudi kwenye nyama ukiwa na hamu mpya. Kwa sombe ya mawese pia ilikubali, jambo ambalo nadhani Wafaransa wengi hawajalijaribu, na nawashauri. Kwa maharage matupu haikuongeza wala kupunguza. Kwa pilipili ni vita: pilipili inawasha pombe, pombe inawasha pilipili, unabaki unatafuta maji.

Nikiilinganisha na kasiksi, siwezi kusema moja ni mama na nyingine ni mtoto. Kasiksi inataka ndizi ziiviswe shimoni, zikamuliwe na majani, juisi ichujwe, ichanganywe na unga wa mtama uliokaangwa, iachwe siku mbili tatu. Siku ya kwanza ni tamu, ya tatu ina nguvu, baada ya hapo inaelekea kuchacha. Inaishi haraka. Divai imetengenezwa ili ingoje. Kasiksi ya mama huyu naijua nikiwa nimefumba macho, ina moshi kidogo na uchachu unaokuja mwishoni, na kasiksi ya jirani yake ni habari nyingine. Divai ya duka haina mkono wa mtu namna hiyo. Lakini tuwe wa haki: ina mambo mawili ambayo pombe zetu hazina. Chupa ya pili tuliyofungua wiki iliyofuata ilikuwa sawasawa na ya kwanza. Na imeandika ukali wake, asilimia 13.5. Ukinunua kikombe hapa Base Camp, nani anakuambia asilimia ngapi?

Hapo lazima niseme kama mfanyakazi wa vijana. Asilimia 13.5 ni kama mara mbili na nusu ya bia ya kawaida. Nyuma ya chupa kuna alama ndogo ya mama mjamzito iliyopigwa mstari, na Ufaransa imelazimisha alama hiyo au onyo la maandishi kwenye chupa za pombe tangu 2007. Uganda nayo ilipiga marufuku pombe za pakiti mwaka 2019, zile vifuko vidogo ambavyo kijana alikuwa anaweza kuficha kwenye soksi. Pakiti zimeondoka, pombe kali ya chupa isiyo na jina imebaki. Nimewabeba vijana wawili kwenye kituo cha afya kwa ajili yake. Kwa hiyo sijaandika haya ili mtu aanze kunywa. Anayekataa kwa dini au kwa afya, hajakosa kitu ambacho hawezi kuishi bila. Nimeandika kwa sababu tofauti ya kinywaji chenye maelezo na kinywaji kisicho na maelezo ni tofauti ya maisha. Kijana aliyefundishwa kuuliza "hiki ni nini, kimetoka wapi, kina nguvu gani, nani ametengeneza" ana kinga ambayo semina zetu nyingi za "sema hapana" hazijawahi kumpa. Hapana bila maswali huchoka haraka.

Sasa hukumu yangu. Divai hii ni ya kweli: ilichosema kwenye lebo kuhusu mahali, zabibu na ukali, imekitimiza mdomoni. Imetengenezwa na watu wanaojua kazi na waliopewa amri ya kutomkwaza mtu. Ina tunda, haina kumbukumbu. Kwa bei ya kule ni haki kabisa, na mtu wa mshahara mdogo wa Lyon hajaibiwa. Kama ingekuja kwa njia ya biashara mpaka hapa, baada ya meli mpaka Mombasa, malori, ushuru na faida ya duka, isingestahili bei ambayo ingefikia, na kwa pesa hiyo ningenunua mbuzi nusu na kasiksi ya mama. Jumba la mawe na sahihi ya mtu asiyekuwepo naviondolea alama. Ule mstari wa asili na ile namba ndogo ya chini naviongezea. Nampa sita juu ya kumi. Mama wa kasiksi anasema tano, na ulimi wake ni mkubwa kuliko wangu.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika, ambao najua mnasoma jarida hili hata kama mnasema hamna muda: jibu la kwanza la mkimbizi, lile la "nzuri sana, tunashukuru," msiliandike kwenye ripoti. Hilo ni salamu. Ngojeni tone la pili. Kaeni chini, onjeni nasi kitu kile kile tunachokula, na muwe na kitu chenu ambacho tunaweza kukikosoa bila jina letu kutoka kwenye orodha. Yule dada alifanya hivyo bila kukusudia. Alileta kitu cha kwao, cha kawaida, akaruhusu kisemwe. Kwenye meza ile hatukuwa wanufaika. Tulikuwa waonjaji.

Na kwenu wakaazi wenzangu: shukrani na hukumu zinaweza kukaa mdomo mmoja. Mama alimshukuru dada kwa mikono miwili, akapeleka kwake dumu la kasiksi kesho yake, na bado neno lake juu ya divai halikubadilika. Toleo lijalo nataka tusome uchambuzi wa maharage tunayonunua sokoni Rubondo, wa sabuni, wa uji wa shule, wa kahawa inayouzwa stendi. Andikeni mlivyoonja, lugha yoyote, tutasaidiana kutafsiri. Majina ya wauzaji yabaki nyumbani, ladha zije zote.